Kiti Kikiwa Kitupu

Walikutana katika uwanja wa magari mabovu nyuma ya reli, Jumamosi, siku ambayo nusu ya kitongoji chetu cha Katlehong hujaa pale na spana mikononi. Magari yamepangwa juu ya matofali, hayana matairi, mengine hayana milango. Kila mtu huingia na vifaa vyake, akafungua anachokitaka, akalipia getini. Mathapelo Mofokeng alikuwa ameinama ndani ya boneti ya gari jekundu lililogongwa ubavuni. Alivaa ovaroli ya bluu iliyokatwa mikono na kitambaa cha njano kichwani, na kucha zake nyekundu, alizozipaka asubuhi ileile, zilikuwa zimeshaingia grisi. Aliponyoosha mkono kushika kile kifaa kinachofungulia injini hewa, akakuta mkono mwingine umeshakishika.

Mwenye mkono alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye miwani, na alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mathapelo alilitazama lile shati kwanza, ndipo akamtazama mwenyewe.

“Kaka, umepotea? Kanisa liko ng'ambo ya reli.”

“Sijapotea. Nimefika kabla yako.”

“Umefika kabla yangu na hujafungua hata nati moja.”

Ilikuwa kweli. Alikuja na bisibisi ya kufungulia redio. Mathapelo akatoa spana yake, akazifungua nati zote bila haraka huku yule kijana amesimama tu, kisha akakinyanyua kile kifaa na kumuuliza anakitakia nini. Akajibiwa kwamba hakitaki chote. Anataka kile kidude cha plastiki kilichobandikwa ubavuni, kihisi kinachoipasha habari kompyuta kwamba mguu wa dereva umekanyaga kiasi gani.

“Gari lako ni lipi?”

“Sina gari,” alisema kijana. “Nina kompyuta.”

Mathapelo alicheka mpaka watu waliokuwa chini ya magari mengine wakachungulia.

Jina lake lilikuwa Rofhiwa Mudau, Mvenda kutoka jimbo la Limpopo, kaskazini. Alikuwa fundi wa bodi za friji na mashine za kufulia katika duka moja mjini Germiston. Kwa muda mrefu, kila akitoka kazini, alikuwa akijitengenezea kompyuta ndogo ya kuongoza mafuta ya injini. Msingi wake ulikuwa bodi ndogo ya bei nafuu isiyozidi ukubwa wa pakiti ya sigara, ya aina wanayojifunzia watoto wa shule. Alikuwa amechomelea juu yake vipande vya kufungua na kufunga nozeli za kunyunyizia petroli, akaiandikia programu yeye mwenyewe, akaijaribu mezani kwa vitaa. Vitaa viliwaka vizuri. Tatizo ni kwamba hajapata binadamu wa kumwazima injini.

Hakujua anaongea na nani. Katlehong nzima ilimjua Mathapelo. Alikuwa miongoni mwa wanawake wachache waliokuwa wakizungusha magari mbele ya umati, ule mchezo wa kulizungusha gari mahali pamoja mpaka tairi zitoe moshi, na gusheshe lake jeusi, lile gari la Kijerumani la mraba lenye silinda sita, lilikuwa na mashabiki waliolipenda kuliko ndugu zao. Ila lilikuwa gonjwa. Kompyuta yake ya kiwandani iliungua, na mjomba wake Tshidiso, fundi aliyemlea katika gereji, akalifungia kabureta. Barabarani lilikwenda. Likianza kuzungushwa, petroli ndani ya kabureta ilirushwa upande mmoja kama maji ya ndoo, injini ikakohoa na kufa katikati ya moshi. Watu walikuwa wameanza kumzomea.

Alimpa Rofhiwa kile kidude cha plastiki bure, na namba ya simu.

Mjomba Tshidiso alipoiona ile kompyuta aliiweka kiganjani, akaipima uzito, akauliza kama inaendeshwa kwa betri za tochi. Hata hivyo alisaidia. Alifunga mbele ya injini gurudumu la chuma lenye meno, jino moja limeachwa makusudi, ili kompyuta ikilihesabu ijue pistoni ziko wapi. Rofhiwa alivuta waya, akaunga, akakata, akaunga tena. Siku ya kuwasha, majirani walikuja na viti vyao.

Mara ya kwanza injini ilitema moto juu na kuunguza mkono wa shati jeupe. Mara ya pili haikufanya chochote. Rofhiwa akapiga magoti sakafuni na laptopu yake, akabadilisha namba fulani, akamwashiria Mathapelo. Injini ikaitika papo hapo, ikaunguruma sawasawa bila kutetemeka.

Hakuna aliyepiga makofi. Mjomba Tshidiso aliweka kikombe chake cha chai chini, akalizunguka gari akilitazama kama limezungumza.

“Zima,” alisema. “Washa tena.”

Likawaka tena. Mzee akaketi juu ya tairi, na hakurudia tena habari za betri za tochi.

Ikafuata kazi ya kurekebisha. Programu ilikuwa na jedwali kubwa la namba, kila namba ni kiasi cha mafuta kwa hali fulani ya injini, na hakuna njia ya kuzipata namba hizo isipokuwa kuendesha gari. Mmoja hushika usukani, mwingine hutazama laptopu. Jioni baada ya jioni walikwenda kwenye barabara iliyonyooka kando ya vilima vya udongo wa migodini, Mathapelo akiendesha, Rofhiwa ubavuni na laptopu mapajani.

“Kanyaga nusu. Shikilia hapo. Shikilia.”

“Mpaka lini?”

“Mpaka nimalize kutazama.”

“Unanitazama mimi au kompyuta?”

“Kompyuta. Leo.”

Akamweleza kwamba mafuta yakipungua injini huungua, yakizidi huzama, na kwamba kazi yote ni kutafuta kiasi kilicho katikati. Mathapelo aliinua kidole kutoka kwenye usukani.

“Usije ukaniambia mapenzi nayo ni hivyohivyo.”

“Sikusema.”

“Ulikuwa unakaribia.”

Ndivyo walivyopendana, hawajui siku yenyewe. Saa za chakula cha mchana Mathapelo alikuwa akimpigia simu dukani, akimwita Fundi wa Friji, akimuuliza amekula nini na kama kuna mteja mwanamke aliyemtabasamia. Rofhiwa, ambaye dukani alijulikana kwa ukimya, alikuwa akitoka nje na simu na kurudi akiwa na uso wa mtu aliyeokota kitu. Mama yake Mathapelo, Mama Puseletso, alianza kumwekea sahani ya ugali na utumbo bila kuulizwa.

Siku Rofhiwa alipokwenda kumwona mpenzi wake uwanjani kwa mara ya kwanza, alisimama kwenye uzio pamoja na sisi wengine. Gusheshe liliingia, likaanza kujizungusha, tairi za nyuma zikipiga kelele juu ya lami na moshi mweupe ukipanda. Injini haikukohoa. Rofhiwa alikuwa akitabasamu peke yake. Ndipo mlango wa dereva ukafunguka. Mathapelo akateremka nje huku gari likizunguka, mkono mmoja kwenye usukani, mguu mmoja kizingitini, mgongo umelala chini kabisa mpaka nywele zikagusa lami. Gari likaendelea kuzunguka kama ng'ombe aliyefungwa kigingini, na kiti cha dereva kilikuwa kitupu.

Umati ulipagawa. Rofhiwa akaketi chini vumbini na suruali yake ya kazini.

Baadaye, wakila kota, robo ya mkate iliyojazwa chipsi, nje ya duka, Rofhiwa alimwambia aache. Hakupandisha sauti. Alimwambia azungushe anavyotaka, avunje rekodi za nchi nzima, lakini awe ndani. Mathapelo akajaribu mzaha, ukashindikana. Akamweleza kwamba watu hawatoi nauli kuja kumtazama mtu aliyekaa. Rofhiwa hakula. Chipsi zikapoa mbele yake.

“Haya,” alisema Mathapelo mwishowe. “Kwenye tamasha la Desemba sitatoka. Naahidi. Kula sasa.”

Alisema hivyo ili mwenzake ale. Hakukusudia hata kidogo, na Rofhiwa, aliyesema ameamini, hakuamini hata kidogo. Wiki ileile, Mathapelo akiwa amempeleka mama yake sokoni, Rofhiwa alinyanyua kiti cha dereva na kubandika chini yake swichi nyembamba kama biskuti. Akaongeza kwenye programu mistari michache: kiti kikiwa kitupu na injini iko kasi, funga mafuta. Hakumwambia mtu. Moyoni alijiambia kwamba kama Mathapelo atatimiza ahadi, mistari ile haitaamka kamwe, na kama hatatimiza, basi gari litasimama na yeye atakuwa hai.

Mmoja alidanganya kwa mdomo, mwingine kwa waya, na wote wawili walikuwa wakipendana.

Desemba ilifika na joto lake. Uwanja ulijaa mpaka watu wakapanda juu ya mabasi. Mathapelo alivaa suti nyekundu ya kipande kimoja na viatu vya rangi ya fedha, nywele zimesukwa zikafungwa nyuma. Kabla ya kuingia alimpiga Rofhiwa busu la shavuni, akamfuta rangi ya mdomo kwa kidole gumba.

Aliingia, akalizungusha gari mpaka moshi ukaficha kila kitu isipokuwa paa. Watu walikuwa wakiimba jina lake. Moshi ulipopasuka kidogo, Rofhiwa aliuona mlango unafunguka, na katika uwanja mzima yeye peke yake ndiye aliyejua kitakachotokea. Alipiga kelele. Mimi nilikuwa mbali naye hatua chache tu, niliona mdomo uko wazi, sikusikia neno.

Injini ikanyamaza.

Tairi zilizokuwa zikiteleza zikaishika lami ghafla. Gari likaruka kama limepigwa teke, na Mathapelo akatupwa. Tulimwona hewani, mwekundu, mikono imenyooka. Alianguka kwa bega, akabingirika, akalala. Gari likaendelea lenyewe bila sauti, mlango ukipigapiga, mpaka likajigonga kwenye ukuta wa matairi na kusimama.

Mwanamke mmoja pembeni yangu alikuwa ameshika chupa ya soda, soda ikawa inamwagika viatuni mwake naye haoni.

Rofhiwa aliruka uzio. Alipomfikia, Mathapelo alikuwa amefumbua macho, uso umejaa vumbi, akihema kwa uchungu. Alimshika Rofhiwa ukosi kwa mkono wa kushoto.

“Gari limenizimia,” alisema. “Pampu ya mjomba. Imekufa.”

Rofhiwa alianza kumfuta vumbi usoni. Wahudumu wa gari la wagonjwa wakamsogeza kando.

Mfupa wa bega ulikuwa umevunjika, na mkono wa kulia pia. Kwa maneno ya daktari, angeweza kuwa maiti. Kesho yake alasiri, wodini, Mjomba Tshidiso alikuja amevaa kofia yake ya kanisani. Ni kweli alikuwa amefunga pampu mpya ya mafuta siku chache kabla ya tamasha. Mathapelo hakumpa nafasi ya kuketi. Alimwambia kwa sauti ya chini, mbele ya wagonjwa wote, kwamba asiliguse tena gari lake maishani. Mzee, aliyemfundisha kushika usukani akiwa amempakata, aliivua kofia, akaivaa tena, akatoka.

Rofhiwa alikuwa amesimama na mfuko wa machungwa. Kupitia mlango uliokuwa wazi alimwona mzee amesimama ukutani kwenye ukumbi, ameinua mikono yake miwili, anaikagua, upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapo yakamshinda. Aliweka machungwa kitandani.

“Si pampu,” alisema.

“Umelifungua gari?”

“Sikuhitaji kulifungua. Ni mimi niliyelizima.”

Mathapelo alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. “Ulikuwa kwenye uzio. Ungelizimaje?”

Akamwambia. Swichi, kiti, mistari ya programu, siku aliyoiweka. Hakuacha kitu. Mama Puseletso alikuwa ameanza kumenya chungwa, kisu kikasimama katikati ya ganda. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alipunguza redio.

Machozi hayakumtoka Mathapelo. Rangi ndiyo iliyomtoka usoni.

“Uliniwekea swichi chini ya makalio,” alisema. “Kila siku nimekuwa nikiikalia.”

“Uliahidi hutatoka.”

“Niliahidi, nikakudanganya. Ungeweza kunikasirikia. Ungeweza kuniacha, ungeweza kunisemea kwa mama huyu hapa. Wewe ukaenda kuzungumza na gari.”

“Niliogopa utakufa.”

“Nusura nife, Rofhiwa.”

Mathapelo akageuza uso ukutani. Akamwambia amwite mjomba wake arudi, kisha aende zake, na asije tena.

Habari ilienea Katlehong kabla ya jua kuzama, na kila aliyeisikia aliomba arudiwe. Watu tulikuwa tumezoea ajali, na tulikuwa tumezoea wivu. Mtu kuandika hofu yake ndani ya injini ya mpenzi wake, hilo lilikuwa geni. Vijana waliokuwa wameagiza kompyuta kama ile walikwenda kumwambia Rofhiwa hawazitaki tena. Hakubishana. Alimpigia Mathapelo simu, haikupokelewa. Mara moja ilipokewa na Mama Puseletso.

“Mwanangu hataki kuongea na wewe,” alisema. “Mimi ningependa kuongea, ila sina cha kukuambia.”

Alikwenda kwa Mjomba Tshidiso kuomba radhi, akitegemea kufukuzwa. Mzee alimchemshia chai. Wakainywa kati ya magari mawili.

“Sisi nasi tunaogopa,” alisema mzee alipomaliza kikombe. “Tangu alipoanza. Dada yangu, mama yake, hulala sakafuni akiomba siku za tamasha. Lakini tunaogopa mbele ya macho yake, anatuona.”

Rofhiwa alirudi Germiston akiwa amebeba maneno yale, na hayakumpa usingizi.

Mathapelo naye hakuwa na amani. Mfupa uliunga taratibu. Alilipeleka gusheshe kwa fundi mwingine wa kompyuta za magari, akaambiwa kwamba programu ile anaielewa aliyeiandika tu, dawa ni kuing'oa na kurudisha kabureta. Mjomba alikuwa tayari. Lakini Mathapelo alikuwa ameshaonja injini isiyokohoa. Kilichomuuma zaidi, alimwambia mama yake, ni kwamba ndani ya gari lake mwenyewe mlikuwa na maneno asiyoweza kuyasoma, na mtu mwingine aliyaweka mle kama vile anaandika kwenye ukuta wake.

Siku moja mchana alipanda treni mpaka Germiston, mkono umefungwa shingoni kwa kitambaa, amevaa gauni la kijani na hereni kubwa, kwa sababu hakutaka aonekane amedhoofika. Rofhiwa alikuwa amepiga magoti, kichwa chote kimo ndani ya mashine ya kufulia. Alisikia sauti nyuma yake, akajigonga kisogo akitoka.

“Sikuja kwa ajili yako,” alisema Mathapelo. “Nimekuja kwa ajili ya gari langu. Nataka unifundishe kila mstari. Mpaka niweze kuisoma bila wewe.”

“Kila mstari,” alisema Rofhiwa, mkono kisogoni. Hakuthubutu kuongeza neno.

Masomo yalifanyika kwenye meza ya chakula ya Mama Puseletso, mwenyewe akiwa ameketi kati yao na nyuzi zake za kufuma. Mathapelo alimwita Bwana Mudau. Alikuwa mwanafunzi mgumu, haachi neno lipite. Alitaka kujua kwa nini injini ya baridi inapewa mafuta mengi, kwa nini kompyuta inalihesabu jino lililokosekana, nini hutokea namba ikikosewa. Alikuwa akiandika kwenye laptopu kwa mkono wa kushoto, polepole, ulimi nje. Rofhiwa alijizuia kumsaidia. Akitazama vidole vile vikitafuta herufi moja moja, aliikalia mikono yake.

Walifika kwenye mistari ileile. Mathapelo aliisoma kwa sauti, akaisoma tena. Sindano za mama yake zikasimama.

“Hapa mimi niko wapi?” aliuliza.

“Hapo?”

“Umeandika kiti kikiwa kitupu, funga mafuta. Kiti ni kitupu, sawa. Mimi niko wapi?”

Rofhiwa aliitazama skrini. “Sikuandika.”

“Niko nje. Nimeshika usukani, nafanya kazi yangu. Kompyuta yako inadhani nisipokaa, sipo.”

Ilikuwa kama Rofhiwa amemwagiwa maji. Alikuwa ameyapitia maneno yale usiku na mchana akitafuta kosa, akalitafuta kwenye umeme, kwenye kasi, kwenye tairi. Hakuwahi kuliona pale.

“Sikukuuliza,” alisema.

“Basi niulize sasa.”

Alivua miwani, akaishika mkononi. “Ukiwa nje, ukaona mambo yameharibika, ungependa gari lifanye nini?”

Sasa ikawa zamu ya Mathapelo kuduwaa. Alikuwa amezungusha magari tangu usichana wake. Walimshangilia, walimkataza, walimwombea. Swali lile hakuna aliyewahi kumuuliza, hata yeye mwenyewe. Alifikiri mpaka chai ikapoa. Kisha akasema asingependa lizime ghafla. Lichoke kidogo kidogo, kama mtu anayemaliza kucheka, ili tairi zishike taratibu naye apate kusimama kwa miguu yake. Na lisiamue lenyewe. Aamue yeye.

Waliifuta ile mistari pamoja. Badala yake Mathapelo alibuni kamba fupi, upande mmoja umefungwa kiganjani mwake, upande mwingine umechomekwa kwenye swichi kando ya usukani. Akiivuta, au ikichomoka kwa sababu ameanguka, kompyuta inapunguza mafuta hatua kwa hatua. Kupunguza kwa kasi gani walibishana siku nyingi, wakakokotoa, wakajaribu kwenye kiwanja kitupu Mjomba Tshidiso akiwa kwenye usukani, mkanda umefungwa, akilalamika kwamba amezeeka kwa michezo hii. Siku ilipofanya kazi vizuri Rofhiwa alicheka kwa sauti, mara ya kwanza tangu Desemba.

“Usicheke,” alisema Mathapelo. “Bado sijakusamehe.”

“Najua.”

“Lakini njoo ule. Mama amepika.”

Walipofika nyumbani Mama Puseletso aliingia jikoni kutazama chungu, na ingawa chakula kilikuwa kimeiva, alikaa huko muda mrefu.

Siku ya kurudi kwake uwanjani watu walijaa kuliko Desemba, ila shangwe haikuwepo. Walikuja kama wanaokuja kumtazama mgonjwa. Mathapelo alivaa ovaroli nyeupe, mikono mirefu kuficha kovu, kamba nyekundu kiganjani. Mama yake, ambaye hakuwahi kukanyaga pale, aliketi safu ya mbele akiwa amefumba macho. Rofhiwa alikuwa kwenye uzio. Mjomba Tshidiso alikuwa amemshika shingo kwa nyuma, kwa upole, kama anavyoshikwa mtoto asikimbilie barabarani.

Gari likazunguka. Moshi ukapanda. Mlango ukafunguka, na Mathapelo akatoka, akalala juu ya lami, mkono mmoja kwenye usukani. Injini haikubadilisha sauti hata kidogo. Ikaendelea kuimba. Uwanja ukaanza kupumua, mmoja akapiga mluzi, wengine wakafuata, na kelele ikawa inakua.

Ndipo injini ikaanza kushuka.

Ilishuka taratibu, ngazi baada ya ngazi. Watu wakaweka mikono vichwani. Mtangazaji alikuwa katikati ya sentensi, hakuimalizia. Mama Puseletso alifumbua macho, akasimama. Rofhiwa alizishika nyaya za uzio mpaka zikamkata viganja, kichwani mwake namba zote zikipita, zipi wamekosea, wapi. Gari lilipungua mzunguko, likapungua, tairi zikashika lami bila kuruka, na Mathapelo akaweka mguu chini, kisha wa pili, akatembea ubavuni mwa gari lake mpaka likasimama.

Alitembea katikati ya moshi mpaka kwenye uzio, jasho likimtiririka.

“Imekufa,” alisema Rofhiwa.

“Haikufa. Nimeizima.” Aliinua kiganja, kamba ikining'inia. “Nilitaka uone ikizimwa na mwenyewe.”

Rofhiwa alitikisa kichwa tu. Machozi yalikuwa yakimtoka na alikuwa hana habari nayo. Mathapelo aliingiza vidole kwenye nafasi za uzio, akavigusa vyake.

“Una wajomba wangapi huko Limpopo?”

“Wajomba?”

“Nauliza kwa sababu mama anataka kujua apike chungu cha ukubwa gani wakija na posa.”

Mjomba Tshidiso aliiachia ile shingo kana kwamba imemuunguza. Rofhiwa alitazama huku na huku, kwa mzee, kwa Mama Puseletso aliyesimama kule mbele, akarudi kwa Mathapelo, akitafuta dalili ya mzaha. Hakuipata.

“Wapigie,” alisema Mathapelo. “Sasa hivi, nikisikia.”

Simu ilimponyoka mara mbili kabla ya kuipata namba. Kule Limpopo mjomba mkubwa alipokea akiwa shambani. Lakini kufikia hapo watu walikuwa wamekwishaelewa wanachokiona, kuanzia walio karibu na uzio, habari ikaruka safu kwa safu, na uwanja ulipasuka kwa kelele kubwa kuliko injini yoyote. Yule mjomba wa shambani akawa anapiga ukelele kwenye simu akiuliza kuna nini huko, kuna vita, nani amekufa.

“Hakuna aliyekufa, mjomba,” alisema Rofhiwa. “Njooni.”